Saa za elimu endelevu zimetimia, lakini trei imerudishwa: fundi sanifu wa dawa achague vipi cha kujifunza?

Kinu na Mchi (mwanzisha mada)

Ndugu wanataaluma, habari za kazi. Mimi ni fundi sanifu wa dawa mwenye miaka tisa kazini, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limenisumbua kwa miezi miwili sasa. Leseni yangu inahuishwa mwaka huu, na nilipofungua bahasha ninamohifadhi vyeti niligundua kwamba saa zinazotakiwa nimeshazipata, tena zimezidi. Nina cheti cha semina ya shinikizo la damu, viwili vya kisukari, kimoja cha huduma kwa mteja, na vingine vinne au vitano vya mihadhara ya mtandaoni ambayo, nikisema ukweli, mingine niliisikiliza huku nikipanga dawa kwenye rafu, kisha nikajibu maswali ya mwishoni kwa kubahatisha mpaka mfumo ukanikubalia.

Kilichonishtua ni hiki. Dirishani kililetwa cheti cha daktari cha methotreksati miligramu 10 kwa mgonjwa wa baridi yabisi, kimeandikwa "mara 1 kwa siku" kwa siku 28. Vidonge tulivyokuwa navyo ni vya miligramu 2.5, kwa hiyo nilipiga hesabu, vidonge 4 kwa siku 28, nikahesabu vidonge 112 kwenye trei, nikachapa lebo na kuvisogeza kwa mfamasia avikague. Aliitazama trei kabla hajasoma lebo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vidonge 112 vya methotreksati, vya nani hivi?" Kwa baridi yabisi dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki, na mgonjwa yule alistahili vidonge 16 kwa wiki nne. Mfamasia alimpigia simu aliyeandika cheti, kikasahihishwa, mgonjwa akaondoka na dawa yake bila kujua lililotokea. Angevimeza vile nilivyovihesabu, uboho wake ungeweza kuzimika kabla ya mwezi kwisha.

Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Miongoni mwa saa zote nilizokusanya hakuna hata moja iliyonifundisha kusita mbele ya trei ile. Swali langu basi ni hili: fundi sanifu wa dawa achague vipi mafunzo yatakayobadilisha namna anavyofanya kazi, badala ya kujaza bahasha tu? Niwajulishe pia kwamba mwajiri hatutengei muda wa kusoma. Ninachoweza kukipata ni nusu saa hivi kwa siku, kabla ya zamu au baada yake.

Leja Nyekundu

Ndugu Kinu na Mchi, pole kwa mshtuko, na ahsante kwa kulisema jambo hili waziwazi, maana wengi wetu kosa likinaswa hulifukia palepale na kuendelea na foleni. Mimi pia ni fundi sanifu wa dawa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea mafundi wapya katika famasi ya hospitali na kuwaelekeza kazi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Kasoro ya njia uliyoitumia ni kwamba mada huchaguliwa na anayetoa mafunzo. Ikitangazwa semina ya kisukari tunakwenda kwenye kisukari, ikitangazwa tena mwaka unaofuata tunakwenda tena, na hakuna anayetuuliza iwapo kisukari ndicho kinachotukwaza. Ningekushauri ugeuze mpangilio huo. Kabla ya kujiandikisha popote, weka daftari dogo kando ya kompyuta yako kwa wiki tatu, uandike kila mara trei inaporudishwa na mfamasia, kila mara unapolazimika kumpigia simu mtu kuulizia cheti, na kila mara unapofungua kitabu kutafuta jambo ambalo ulidhani unalijua. Mstari mmoja unatosha, nao uwe na sehemu tatu: kilichotokea, kilichokinasa, na jambo ambalo kama ungelijua trei isingerudi. Sehemu ya tatu ndiyo mtaala wako.

Daftari langu la kwanza lilinifedhehesha. Nilikuwa nikijiona hodari wa dawa za watoto, kumbe zaidi ya nusu ya mistari ilihusu dawa zao za maji. Chukua mtoto wa kilo 12 aliyeandikiwa amoksilini miligramu 40 kwa kila kilo kwa siku, igawanywe mara mbili. Hesabu ni nyepesi: miligramu 480 kwa siku, yaani 240 kwa kila dozi. Lakini rafuni zimesimama chupa mbili za mtengenezaji mmoja, rangi ileile, moja ina miligramu 125 katika kila mililita 5 na nyingine ina 250. Kwa chupa ya kwanza mtoto anahitaji mililita 9.6 na kwa ya pili mililita 4.8, na fundi aliyechapa lebo akifikiria chupa moja huku mkono wake umeshika nyingine amempa mtoto nusu ya dozi au dozi maradufu. Halafu kuna suala la maji. Poda ikiwa imeshikana chini ya chupa na maji yote yakamiminwa kwa mkupuo, hubaki donge ambalo povu hulificha, na dozi za mwanzo zikawa hafifu ilhali za mwisho ni kali. Inatakiwa chupa igongwegongwe kwanza ili poda ilegee, maji yapimwe kwa silinda na kutiwa kwa awamu mbili, na chupa itikiswe vizuri baada ya kila awamu. Hayo niliyasoma chuoni. Nilikuwa nimeacha kuyatenda bila hata kujua kwamba nimeacha.

Mafunzo niliyojipangia baada ya hapo hayakuwa na mhadhara. Mimi na mwenzangu tulikutana nusu saa kabla ya kufungua dirisha, tukiwa na chupa zilizokwisha muda wa matumizi, maji ya kawaida, na mabomba ya kupimia dawa ya mdomo, yale yasiyo na sindano. Mmoja akawa fundi na mwingine mzazi, na kazi ya mzazi ilikuwa kuvuta mililita 4.8 bila kusaidiwa. Mara ya kwanza mwenzangu alivuta pungufu ya kipimo kwa zaidi ya nusu mililita, kwa sababu aliusoma ukingo wa nyuma wa mpira wa bomba badala ya ukingo unaogusa dawa. Fikiria: ni mtu aliyesomea kazi hii, naye alikosea. Tangu siku hiyo sikabidhi bomba kwa mzazi mpaka nimemwona akivuta kipimo mbele yangu, na mstari wa aina hiyo haujarudi tena daftarini.

Kuhusu nusu saa yako kwa siku, usiidharau. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tulichojifunza leo husahaulika kwa kasi kubwa katika siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Ndiyo maana semina ya siku nzima isiporudiwa haiachi kitu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliosoma matini mara kwa mara waliwashinda wenzao walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliosoma mara chache na kujijaribu kuyakumbuka bila kutazama. Kwa kazi yetu maana yake ni kwamba kadi thelathini zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, zikichanganywa na kujibiwa kila asubuhi, zitakufaa kuliko kusikiliza mhadhara uleule mara tatu. Andika kadi kutokana na daftari lako. Kadi ya kwanza umeshaipata: methotreksati kwa baridi yabisi, mara ngapi, na siku gani ya wiki imeandikwa kwenye lebo?

Mfamasia wa Zamu

Naomba kuchangia nikiwa upande wa pili wa trei, kwani mimi ndiye huwarudishia mafundi trei zao. Mwenzetu Leja Nyekundu ameeleza vizuri na sina la kupunguza, ila daftari lake lina upofu mmoja ambao ni lazima utajwe: huandikwa humo kile tu kilichonaswa. Trei iliyopita bila mtu kuona kosa haina mstari. Mgonjwa aliyepewa dozi pungufu kwa mwezi mzima harudi dirishani kutueleza. Hurudi hospitalini, tena pengine nyingine. Ndugu Kinu na Mchi, kama siku ile mfamasia wenu angekuwa amechoka, methotreksati isingeingia daftarini mwako kamwe, nawe ungeendelea kuamini kwamba huna shida nayo.

Kwa hiyo unahitaji chanzo cha pili, nacho ni makosa ya watu wengine. Taasisi ya ISMP ya Marekani hukusanya taarifa za makosa ya dawa na kutoa orodha ya dawa za tahadhari kubwa, yaani zile ambazo kosa likitokea humdhuru mgonjwa vibaya hata kama halitokei mara nyingi. Humo mna insulini, dawa za kuzuia damu kuganda kama heparini na wafarini, dawa za maumivu za jamii ya morfini, kloridi ya potasiamu iliyokolea ya sindano, na, ndiyo, methotreksati ya kumeza kwa magonjwa yasiyo saratani. Kosa lako halikuwa la ajabu wala la kwako peke yako. Limewatokea watu wengi na mahali pengi, na limeua. Mtu aliyekwisha kusoma habari zake mara moja, akaona jinsi linavyotokea, trei ya vidonge 112 humpigia kelele yenyewe.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya mafundi wasilipende. Nilipowauliza mafundi niliofanya nao kazi kwa nini hawakusita mbele ya cheti fulani, jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa kwamba kuhoji dozi ni kazi ya mfamasia. Ni kweli kwamba uamuzi wa tiba si wa fundi, na fundi asiubadilishe hata kidogo. Lakini kuamua ni jambo moja na kusimamisha ni jambo lingine. Fundi ndiye anayeshika kila kidonge. Ndiye anayeona kwamba chupa ya vidonge mia inamalizwa na mgonjwa mmoja wa dawa ambayo kwa kawaida hutoka vidonge kumi na sita. Mfamasia huona lebo iliyokwisha kuchapwa na trei iliyokwisha kujaa, tena huona trei nyingi kwa saa. Ningependa mafunzo ya mafundi yawe zaidi ya maswali ya namna hii: kwa dawa hii, ni kitu gani kikitokea dirishani unaweka trei chini na kuita? Kwa insulini ni neno "uniti" lililofupishwa kwa herufi moja ambayo inasomeka kama sifuri, na dozi ya 4 ikageuka 40. Kwa wafarini ni dawa mpya iliyoongezwa juu yake, hasa kiuavijasumu. Kwa kloridi ya potasiamu iliyokolea ni kuiona tu ikiwa mahali isipostahili kuwapo.

Majina yanayofanana ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Haidroksizini ni ya mwasho na haidralazini ni ya shinikizo la damu, na kwenye rafu iliyopangwa kwa alfabeti zinakaa jirani. Ndiyo sababu sehemu nyingi huandika lebo za rafu kwa kukuza herufi zinazotofautiana, hydrOXYzine na hydrALAZINE, ili jicho likwame pale panapotofautiana. Zoezi zuri la nusu saa ni kupita rafu zako mwenyewe, ukiandika jozi zote zinazokutatanisha, halafu umwombe mwenzako afanye vivyo hivyo bila kuona orodha yako. Mkizilinganisha mtashangaa kwamba kinachomtatanisha yeye wewe hukioni.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni kwamba elimu huchacha. Mtu aliyehitimu mwaka 2010 alifundishwa ranitidini kama dawa ya kila siku ya asidi ya tumbo, na mnamo Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka iondolewe sokoni kwa sababu ya NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani, iliyoonekana kuongezeka ndani yake kadiri inavyokaa, hasa kwenye joto. Alifundishwa pia kodeini kwa kikohozi cha watoto, na mwaka 2015 Ulaya, kisha 2017 Marekani, wakazuia kodeini kwa walio chini ya miaka 12, kwa kuwa miili ya baadhi yao huigeuza kuwa morfini upesi mno na pumzi ikazimika. Mafunzo ya kisukari uliyoyarudia mara mbili hayana hatia. Ila muulize mtoa mafunzo ni kitu gani kimebadilika tangu mara ya mwisho, na akikosa jibu, tafuta kwingine.

Silinda ya Kioo

Mada nzuri. Nina neno fupi tu juu ya maneno "hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja", kwa sababu hesabu nayo huota kutu. Jipime kwa hili: tayarisha mililita 500 za spiriti ya asilimia 70 kutoka katika ya asilimia 95. Mafundi wengi watapata kwamba wanahitaji mililita 368 na ushei za ile kali, na hapo wako sawa. Kisha wengi watatoa 368 katika 500 na kupima maji mililita 132, wakamimina na kuandika lebo ya mililita 500. Ukifanya hivyo kwenye silinda utaona mwenyewe kwamba haifiki 500, kwa sababu spiriti na maji vikichanganyika hujikunyata na kuchukua nafasi ndogo kuliko jumla ya vipimo vyake. Maji hayapimwi, yanaongezwa mpaka mchanganyiko ufike kwenye mstari wa 500, tena baada ya kupoa, maana hupata joto kidogo vinapokutana. Nimewahi kulieleza hili kwa kikundi cha watu wenye uzoefu kuliko mimi, wakabisha hadi silinda ilipoletwa mezani.

Saa Ishirini

Nimeisoma mada yote, nami nataka kuzitetea kidogo zile saa, kwa sababu naona zinageuzwa kuwa adui.

Zipo namna mbili za kuwasimamia mafundi sanifu wa dawa katika kujiendeleza. Ya kwanza ni ya kuhesabu. Marekani, kwa mfano, fundi mwenye cheti cha bodi ya PTCB hukihuisha kila baada ya miaka 2 kwa saa 20 za elimu endelevu, ambamo ni lazima iwemo angalau saa 1 ya sheria ya famasi na saa 1 ya usalama wa mgonjwa. Na kila somo lililoidhinishwa kule lina nambari yake inayoishia kwa herufi inayoonyesha kama limeandaliwa kwa ajili ya mfamasia au fundi. Namna ya pili ni ya kuandika. Baraza la famasi la Uingereza, GPhC, tangu mwaka 2018 haliulizi saa; fundi huwasilisha kila mwaka kumbukumbu nne za kujiendeleza, mbili kati yake kwa uchache ziwe za jambo alilolipanga mapema, pamoja na kumbukumbu ya mazungumzo aliyoyafanya na mwenzake wa taaluma na tafakari ya maandishi juu ya kazi yake. Katika kumbukumbu hizo anatakiwa aeleze mgonjwa au mtumiaji wa huduma amenufaikaje.

Ukiwasikiliza Leja Nyekundu na Mfamasia wa Zamu utadhani namna ya pili ndiyo pekee yenye maana. Mimi nimefanya kazi chini ya namna zote mbili na ninaona kila moja ina mlango wake wa ujanja. Saa hununuliwa kwa kuacha video icheze. Tafakari huandikwa usiku wa mwisho kwa kubuni. Faida ya saa ni kwamba haziwezi kuahirishwa milele, na zinamlazimisha hata yule asiyependa kusoma akutane na sheria mpya angalau mara moja. Daftari la Leja Nyekundu ni zuri kwa mtu mwenye ari. Je, kwa asiye nayo?

Hata hivyo tusizidai saa zaidi ya uwezo wake. Mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya, juu ya mikutano na warsha za elimu kwa watumishi wa afya yalipata kwamba utendaji uliotakiwa huongezeka kwa wastani wa takriban asilimia 6, na kwamba mikutano iliyochanganya mhadhara na mazoezi ilifanya vizuri kuliko mhadhara peke yake. Asilimia 6 si sifuri, lakini si kitu cha kumfanya mtu alale usingizi baada ya kupata cheti. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya masomo mawili yenye saa sawa, chagua lile litakalokutia mkono kazini, lenye vyeti vya mfano vya kukagua au hesabu za kufanya, uache lile la kusikiliza tu.

Na kwa upande wa karatasi, Ndugu Kinu na Mchi, bahasha peke yake haitoshi. Hakikisha kila cheti kina jina lako kama lilivyo kwenye leseni, tarehe, mada, idadi ya saa na jina la mtoaji aliyeidhinishwa na baraza lako, kisha kipige picha na kuihifadhi mahali pengine. Nyuma ya kila kimoja andika sentensi mbili juu ya kile ulichokibadilisha kazini baada ya somo lile. Vile ambavyo huna la kuandika, viache hivyohivyo, vitakuonyesha mwaka ujao usirudi wapi.

Kinu na Mchi (mwanzisha mada)

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kufanya jambo kabla ya kusema. Nimeandika nyuma ya vyeti kama alivyoelekeza Saa Ishirini. Katika vyeti tisa, vitatu ndivyo vilivyopata sentensi mbili, na kimojawapo nililazimisha. Silinda ya Kioo, nilileta spiriti na maji siku ya Jumamosi, na ni kweli, haikufika kwenye mstari. Mwanafunzi aliyeko nasi kwa mafunzo ya vitendo alidhani nimemwaga.

Daftari lina siku nane na mistari kumi na mmoja. Wa kwanza ni methotreksati, ingawa ni wa zamani, kwa kuwa Mfamasia wa Zamu amenionyesha kwamba nilinusurika kwa bahati. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza: mwenzangu aliliona daftari akaniambia ninajichongea, kwamba siku moja litasomwa na msimamizi na kugeuzwa ushahidi dhidi yangu na dhidi yao. Mnalishughulikiaje hilo? La pili limo katika mstari wa saba, ambao sehemu yake ya tatu bado ni tupu. Mgonjwa alikuja na kalamu ya insulini iliyoganda baada ya kuwekwa karibu na barafu ya jokofu, ikayeyuka, na ilionekana safi kabisa. Nilimwita mfamasia, akambadilishia. Nilipotaka kuandika sababu, niligundua kwamba nilijua jibu bila kujua kwa nini.

Leja Nyekundu

Kwa la kwanza, mwenzako ana haki ya kuogopa, na hofu hiyo ndiyo inayoua madaftari mengi. Mimi siandiki jina la mgonjwa, la mwandishi wa cheti, wala la mfanyakazi mwenzangu, na badala ya tarehe naandika wiki. Mstari unasema "chupa ya 125 badala ya 250", hausemi nani aliichukua. Kosa lililomfikia mgonjwa ni habari nyingine kabisa: hilo huripotiwa kwa njia rasmi ya mahali pa kazi siku hiyohiyo, na daftari lisitumiwe kulificha. Mweleze msimamizi mapema kwamba unalo na ni la nini, kabla hajasikia kwa mwingine. Msimamizi wangu alipoliona aliomba tusome mistari mitatu kila Ijumaa kabla ya kufungua dirisha, bila majina, na yule aliyeogopa kuliko wote ndiye sasa anayeleta mingi.

Kwa la pili: insulini ni protini, na barafu huiharibu umbo lake, ikiyeyuka inaweza kuonekana safi huku nguvu yake imepungua kwa kiasi ambacho hakuna awezaye kukikisia kwa macho. Ndiyo maana iliyoganda hutupwa bila kujadiliwa. Isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na ukuta wa nyuma wa jokofu na mbali na sehemu ya barafu, na kalamu iliyoanza kutumika hukaa nje kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ambao kwa aina nyingi ni siku 28. Sasa jaza sehemu ya tatu, kisha kesho kabla ya zamu kaangalie kipimajoto cha jokofu lenu, usome kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa usiku. Kikiwa chini ya 2, una mstari wa kumi na mbili.